Kasuku Nyuma ya Pazia

"Mwaja binti Gharib, umeridhia kuolewa?" shehe aliuliza mara ya pili, kutoka upande wa pili wa pazia.

Mwali akinyamaza, inatosha. Mjane sharti atamke, mashahidi waisikie sauti yake.

Mwaja alifungua kinywa, macho yake yakamwangukia kasuku. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta ndege huyo, Kihanga, kutoka pwani: kijani kibichi kama jani la mgomba, mdomo rangi ya embe bivu, mpole hata watoto humshika. Tangu siku ya mazishi hakusema neno. Alijinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikabaki tupu.

Sasa aliinua bawa taratibu, wekundu wa kwapani ukaonekana.

"Mke wangu, mlango umeufunga?" aliuliza kwa sauti ya marehemu, pamoja na kile kikohozi chake.

Kwa miaka tisa Mwaja aliulizwa hivyo kila walipokwenda kulala. Jibu lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nimeufunga, bwana."

Nje ya pazia, shahidi mmoja alinong'ona, "Inna lillahi."

Shehe hakuuliza mara ya tatu.