Vidato Kumi na Vinane

Nyundo ilishuka kwenye kidole gumba cha Mbaluka, naye akapiga ukelele uliotawanya kuku wote wa kambi.

"Nakuuliza tena," alisema Zacharia, mkubwa wa gadi, walinzi weusi wa serikali ya kikoloni, katika kambi hiyo ya nje ya Thika. "Munyao yuko wapi?"

"Sijui, efendi. Shemeji yangu aliingia msituni na magaidi mwaka jana. Tangu hapo sijamwona."

"Na hii karatasi?"

Walikuwa wameikuta mfukoni mwake asubuhi hiyo, kwenye kizuizi cha barabara. Ilikuwa na duara, mistari iliyotoka katikati ya duara, na tarakimu tele pembeni.

"Hiyo ni ramani ya maficho ya Munyao," alisema Waweru, gadi mwenye haraka kuliko akili, na rungu lake likamfikia Mbaluka mdomoni.

Mbaluka alitema jino. "Ni ngazi! Ngazi ya kuzunguka. Ya nyumbani kwangu Gatuanyaga."

Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Ghorofa gani huko kwenye mkonge?" aliuliza Zacharia.

"Si ghorofa, efendi. Ni stoo ya mahindi tu. Nyumba ni ndogo, ngazi ya kawaida itakula chumba chote."

Waweru alitia risasi kwenye bunduki. Ofisa mzungu angefika saa sita, na aliyekuwa hajaeleweka kufikia saa hiyo alipelekwa nyuma ya kambi, asirudi. Mbaluka aliogopa kufa. Aliogopa zaidi kwamba kidole kingine kingemfanya aseme.

Lakini Zacharia alikuwa ameiinamia karatasi. Kabla ya kupewa bunduki alikuwa seremala, na wazungu wengi wa Ruiru walipanda kulala kwa ngazi alizozitengeneza yeye. Roho mbaya, ila fundi.

"Urefu?"

"Futi kumi na mbili."

"Unajenga kanisa?"

"Mahindi yanaharibiwa na panya, efendi."

"Vidato?"

"Ishirini na vinne, inchi sita kila kimoja. Mizunguko miwili."

Kofi lilimwangusha. "Mjinga wewe! Mzunguko mmoja ni futi sita tu! Kichwa kitagonga kidato cha juu!"

Mbaluka alimeza damu. Jambo hilo kweli hakuwa amelifikiria.

"Weka inchi nane. Vidato kumi na vinane, mzunguko mmoja na nusu. Na nguzo ya katikati?"

"Mti wa blugamu."

"Kavu?"

"Mbichi."

Teke lilimpata mbavuni. "Mbichi itajipinda! Ngai, nani alikufundisha kazi?"

Zacharia alitoa penseli sikioni akachora upya, taratibu, ulimi ukiwa nje kidogo. Kwa dakika kumi hakumpiga mtu.

"Mbona haina dirisha?" aliuliza Waweru, akichungulia.

"Ngazi ya stoo inataka dirisha la nini? Nyamaza." Zacharia alimtupia Mbaluka karatasi. "Mfungue. Huyu si gaidi. Gaidi angejitafutia uongo wenye hesabu nzuri kuliko hii."

Lori la mkonge lilimfikisha Gatuanyaga saa tisa mchana. Mkewe, Mwongeli, alipouona ule uso alilia kwa sauti, akamlaani Zacharia na ukoo wake wote. Mbaluka alimwacha alie. Alikuwa na furaha ya kuwa hai, na furaha hiyo ilimtia aibu mwenyewe.

"Tulikosea vipimo," alisema hatimaye, akimpa karatasi.

Mwongeli alipangusa machozi. Alifunga mlango, akasukuma kitanda mpaka ukutani, akalala kifudifudi na kuingiza kichwa kwenye shimo lililokuwa limefichwa chini yake.

"Munyao," aliita kwa sauti ya chini, "wacha kuchimba kwanza. Ni inchi nane, si sita."