Mgeni Mpaka Jioni

"Samahani, naomba ruhusa nifungue friji."

Msichana wa miaka kumi na moja aliacha kutafuna, mkate umemjaa shavu moja. Alimtazama mke wa baba yake kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, kisha akalitazama friji, kama anayetaka kujua ni nani kati ya hao wawili kaharibika.

"Si ufungue tu," alisema.

"Nashukuru sana."

Mwanamke alichukua maziwa, akafunga mlango wa friji taratibu, akabaki amesimama akisubiri kukaribishwa kiti. Asubuhi ilikuwa bado mbichi na tayari alikuwa anaona haya.

Lilikuwa zoezi la darasani. Mchana aliuza dawa kwenye duka la dawa, jioni alisoma elimu ya jamii. Mwalimu wao alisema kila nyumba ina sheria ambazo hazijaandikwa popote, na hakuna anayeziona mpaka mtu azivunje. Basi kila mwanafunzi aende akaishi kwake kama mgeni kwa siku moja: aombe ruhusa ya kila kitu, ashukuru, asigombe, na asimwambie mtu sababu. Kisha arudi aeleze wa nyumbani walifanya nini.

Wenzake waliguna. Mmoja alisema mama mkwe wake atamwitia daktari. Yeye akajitia mcheshi.

"Mimi kwangu rahisi," alisema. "Nina miaka mitatu ni mgeni kwenye nyumba ile."

Darasa zima likaangua kicheko. Alicheka nao, halafu njia nzima ya kurudi akawa anajisuta kwa kuanika mambo ya ndani.

Lakini ndivyo alivyoamini. Mama mzazi wa msichana aliondoka mtoto akiwa na miaka sita. Mume, fundi wa lifti asiyependa maneno mengi, alilieleza jambo hilo kwa sentensi moja na hakuongeza ya pili. Kwa mtoto, yeye alikuwa "Anti" siku ya harusi na ni "Anti" mpaka leo. Akimsalimia, hujibiwa kwa bega. Walichokuwa nacho pamoja ni ugomvi tu: soksi chini ya kochi, taulo bichi kitandani, sahani zilizotelekezwa mezani. "Hivi mnadhani nyumba hii inajisafisha yenyewe?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kila siku.

Jumamosi hiyo mume alikuwa kazini. Walibaki wawili.

Mtoto alimaliza kula, akaiacha sahani pale pale kama kawaida yake, akangoja. Mwanamke alijiuma ulimi.

"Samahani, naweza kukutolea sahani?"

"Leo hunigombezi?"

"Mimi ni nani nikugombeze? Nyumba ni yenu."

Hilo halikuwemo kwenye zoezi. Lilimponyoka tu na uchungu wake wote wa miaka mitatu, na laiti angeweza angelidaka hewani alirudishe mdomoni. Mtu mzima na akili zake kumpiga mtoto kijembe, tena kwa kisingizio cha masomo! Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Mtoto alichukua sahani akaiosha mwenyewe, kisha akaosha na vikombe ambavyo hata havikuwa vyake.

"Baba anajua?" aliuliza, amempa mgongo.

"Atajua akirudi."

"Utakuwa hivi mpaka lini?"

"Mpaka jioni tu. Baada ya hapo sitakusumbua tena."

Mtoto alikausha mikono, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Mwanamke alikaa kwenye ukingo wa kochi, mgeni haswa, mikono juu ya magoti. Kutoka chumbani alisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, kabati likigongagonga. Kumbe mtoto anapanga chumba! Miaka mitatu ya kelele haikumfanya akunje hata fulana, asubuhi moja ya kimya imeweza. Alishajua atakachokisema darasani: kwamba yeye akinyamaza, nyumba inapumua. Mwalimu angeipenda sentensi hiyo. Yeye ilimkaa kooni.

Maana ukweli ni kwamba hakulifanya zoezi lile kwa ajili ya alama. Alitaka mtoto akasirike. Alitaka aulizwe, walau mara moja, "Anti, una nini leo?" Alikuwa amemtega mtoto ili ajipime kama anapendwa, na jibu alilolipata ndilo lile la droo zinazopangwa kwa furaha. Uso ulimwaka peke yake sebuleni, bila mtu wa kumwona.

Hakusubiri jioni. Aliinuka aende akabishe hodi, aombe radhi na kusema ukweli wote, mwalimu na zoezi lake wapende wasipende.

Mtoto alishatoka chumbani. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye mlango wa mbele, amevaa sweta na viatu vya shule, nywele kajichana mwenyewe upande upande. Mkoba wake ulikuwa umetuna mpaka zipu imegoma.

Kwa hiyo amefikia hapo, mtoto anahama kwao kwa ajili yake! Ugeni wote ukamtoka mwanamke.

"Wewe! Unaenda wapi? Nani kakuruhusu?"

"Sijui tunaenda wapi," mtoto alisema. "Wewe ndiye unayejua, Anti. Mama naye aliacha kunigombeza, akawa ananiomba ruhusa ya kila kitu. Siku ile nilichelewa kufunga mkoba."