Kiapo cha Siku Tatu

Kidonge cha kiapo kilipoyeyuka ulimini, Nesi Tunu aliieleza kamati ya Bunge yote aliyoyajua kuhusu dawa bandia, na wabunge wakamsikiliza bila hata kukohoa. Yeye mwenyewe alistaajabu jinsi ukweli ulivyomtoka, mwepesi kama pumzi. Kwa siku tatu, hadi nguvu ya kidonge iishe, asingeweza kusema uongo.

Jioni alimkuta mumewe, Shomvi, kitandani alikougua mwaka mzima.

"Nimekuona kwenye runinga, mama Hiba. Sasa niambie, nitapona?"

Kila siku Tunu alikuwa akimjibu ndiyo. Akajiziba mdomo kwa kanga, lakini sauti ikatoka, tulivu, nzuri ajabu.

"Hapana, mume wangu."

Shomvi akasogea kumpisha.

"Kaa hapa. Kuna mengine nimetaka kukuuliza miaka mingi."