Ng'ombe Waliokula Mahindi ya Wangare

Wangare alimwaga karai zima la mabua yaliyotafunwa juu ya viatu vya Daktari Kipsang, viatu vya Amerika, vipya.

“Angalia hiyo,” akasema. “Hiyo ndiyo shamba yangu.”

Yalikuwa mahindi yake ya Rongai, mwaka wa sabini na mbili, na walioyatafuna walikuwa ng'ombe waliovuka mto kutoka kwa jirani yake, Mzee Kipketer.

Daktari Kipsang hakukasirika. Mungu amsamehe, alifurahi. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya sheria na uchumi, na nadharia moja iliyomkosesha usingizi: kwamba majirani wakikosana, wakiachwa waongee bila wakili wala korti, watapatana tu, na haijalishi hata kidogo ni nani atakayebebeshwa mzigo. Jumatatu angesimama mbele ya maprofesa Nairobi. Bila mfano wa kweli, kazi ya uhadhiri ingekwenda kwa mwingine, na yeye angerudi kwao Londiani kufundisha darasa la nne.

Mama yake ndiye aliyemwokoa.

“Kama ni kesi ya ng'ombe unataka,” alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, “enda Rongai kwa Kipketer, rafiki ya marehemu babako. Huko utapata kesi ushibe.”

Na kweli, Kipketer alimpokea kwa mikono miwili. Alimjazia kikombe cha mursik mpaka juu. “Kunywa, kijana. Hii maziwa ni ya kwenu.” Daktari akanywa, akajifuta mdomo kwa leso, kisha akavuka mto na mzee hadi shambani kwa Wangare, kwenye mabaki ya ua, na ndipo akamwagiwa yale mabua.

“Mama, sema unachotaka.”

“Pesa sitaki,” Wangare akasema. “Pesa bwanangu atapeleka kwa vilabu vya Rhonda, akunywe yote. Nataka mwenye ng'ombe alime hapa upya, apande, aniwekee ua kutoka hapa mpaka kwa mto. Aanze leo, mvua bado iko. Na ni yeye mwenyewe. Si kibarua.”

Daktari nusura ampigie makofi. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: ua ulikuwa rahisi kuliko kuuza ng'ombe, na rahisi kuliko kukosa mahindi kila mwaka. Nadharia ilikuwa inatembea kwa miguu yake yenyewe.

Kipketer alijikuna kidevu. “Daktari, na kama huyo mtu mikono yake haijazoea jembe?”

“Itazoea.”

“Na kama ako na shughuli mingi?”

“Mzee, shughuli zingoje. Mahindi ya mama hayakungoja.”

“Hata kama ni mtu mkubwa?”

“Hata awe waziri!” Daktari alianza kutokwa na jasho. Alimwona mzee akiponyoka, na kazi yake ikiponyoka naye. “Haijalishi ni nani. Mwenye ng'ombe alime, basi. Unakubali au hukubali?”

Kipketer alimtazama kwa huruma fulani hivi.

“Wewe ndiye umesoma,” akasema. “Basi mwenye ng'ombe alime.”

Wakapeana mikono, mzee na Wangare, na Daktari akaweka mkono wake juu ya yao. Machozi yalimlengalenga. Hakukuwa na wakili, hakukuwa na korti, na Nairobi wangekoma. Aligeuka kwenda kwenye Volkswagen yake huku akipapasa mfuko kutafuta ufunguo.

“Kijana,” Kipketer akaita nyuma yake. “Hizi ng'ombe babako aliziweka kwangu ukiwa bado unatambaa. Zote ni zako. Mimi nilikuwa nakamua tu, nikingoja umalize masomo.”

Wangare alikuwa amekwisha kusimama mbele ya mlango wa gari, jembe mkononi.

“Toa viatu,” akamwambia.