Wimbo Alioutoa Halina

Enzi hizo, wimbo ukishakabidhiwa makumbusho ulifutika kichwani mwa aliyeutoa. Halina alitoa wimbo wa kubembelezea watoto aliourithi kwa mama yake, akihofia ungezikwa pamoja naye.

Siku ya utamaduni wa Ukraine, wasichana waliovaa mashada ya maua kichwani waliucheza taratibu ukumbini. Halina alipiga makofi kwa adabu, kama mgeni.

Mjukuu wake akaanza kulia. Zoryana, binti yake, alimpakata mtoto akamwimbia wimbo uleule kwa sauti ya chini, hadi akatulia.

Halina alisikiliza, machozi yakimlengalenga.

"Mtamu sana," alisema. "Nani alikufundisha, mwanangu?"

Zoryana aliendelea kuimba, bila kumtazama.