Kipa wa Akiba

Kocha Nyumbu alikuwa akijigamba kabla ya ligi kuanza. "Kikosi changu kipana! Kila nafasi nina wawili. Hata golini nina Nungunungu na mdogo wake."

Msaidizi wake, Kanga, akauliza, "Umewajaribu na mpira, kocha?"

"Mpira wa nini? Pumzi kwanza!"

Basi wakakimbizwa mlimani mpaka siku ya mechi.

Mechi ilipoanza tu, Swala wa timu pinzani akaachia shuti. Nungunungu akaruka, akaudaka mpira, akaukumbatia. Pssss! Ukanywea, umetobolewa na miiba.

"Mungu wangu! Toka!" Nyumbu akafoka. "Kipa wa akiba aingie!"

Mdogo mtu akainuka benchi, miiba imemsimama kwa furaha.