Povu Mbele ya Mama Mkwe

Mkewe akiwa safarini, Mndolwa aliitilia mashine ya kuoshea vyombo sabuni ya unga ya kufulia. Povu likafurika jikoni, likamzonga hadi kifuani alipochutama na kanga tu kiunoni, akipapasa swichi.

Mara mama mkwe akakohoa mlangoni. Kwao mkwe hatazamwi wala hasemeshwi, kwa hiyo mama akainamisha macho, akasema na paka aliyelala kizingitini.

“Paka, mwambie mwenzio amwage chumvi, povu litakufa.”

“Paka, mwambie mama nimesikia, nashukuru.”

Akamwaga. Povu likaanza kunywea, likashuka hadi tumboni mwake. Ndipo alipoiona ile kanga ikielea taratibu kuelekea kwa paka.

Mndolwa akaiweka chini chumvi, akaivuta tena pakiti ya sabuni.